Ngao au Bashasha

1

Bwana Sikujua aliingia sebuleni na viatu vyake, akatua vizimba viwili juu ya zulia lililofuliwa juzi, kisha akauliza kama kuna chai. Bi Tusekile alimtazama kuanzia kola hadi soli, akamweka daraja la vumbi, ile takataka inayofagiliwa sakafuni kiwandani baada ya kila cha maana kupakiwa. Halafu akaenda jikoni kumletea kikombe, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akiwa vumbi.

Kwa miaka thelathini na mmoja Bi Tusekile alikuwa mwonjaji katika kiwanda cha chai cha bondeni. Kazi yake ilikuwa kuvuta funda kwa kelele, kulizungusha mdomoni, kulitema kwenye ndoo na kutoa hukumu kwa neno moja: kali, bapa, moshi, imechacha. Mashine ilipompokonya kazi alirudi nyumbani na tabia yake. Siku hizi aliwaonja watu, na wachache sana aliwameza.

Wakati huo kila mwenye simu aliweza kuvaa sura ya mtu mwingine kwenye kioo cha lango, na mashine ikishasikia maneno matatu ya mtu iliweza kuzungumza kwa sauti yake mpaka mama mzazi akadanganyika. Macho na masikio ya walinzi yakawa hayana kazi. Kitu pekee ambacho hakuna fundi aliyeweza kukiiga kilikuwa harufu ya mwili, kwa hiyo makampuni yakaanza kuzalisha pua, yaani mbwa wa kunusa. Makazi ya Kilele, nyumba kumi na mbili juu ya kilima cha Tukuyu, yaliwaachisha kazi walinzi wake na kupitisha kanuni kwamba ifikapo Jumamosi kila nyumba iwe na mbwa aliyesajiliwa. Kanuni hiyo aliiandika mwenyekiti wa wakazi, Bwana Ambilikile, mumewe Bi Tusekile. Nyumba pekee iliyobaki bila mbwa ilikuwa ya mwenyekiti.

"Ziko mbegu mbili tu zilizoidhinishwa," alisema Bwana Sikujua, muuza mbwa, akifungua vizimba. "Ngao anauliza wewe ni nani. Bashasha anauliza umekuja na nini moyoni."

Ngao hakutoka mara moja. Alikuwa na wiki kumi tangu azaliwe na tayari ana kimo cha beberu, manyoya ya kijivu, macho ya manjano yasiyopepesa. Alitazama chumba chote kwanza, ndipo akatoka na kulala kando ya meza bila sauti. Bashasha naye alitoka kwa kujikwaa. Alikuwa mdogo, wa rangi ya chai ya maziwa, manyoya yamejiviringa hadi machoni, na kwa furaha ya kuona watu alikojoa hapo hapo kwenye zulia. Kisha akaanza kulamba. Alilamba viatu vya Bwana Sikujua, mguu wa meza, magoti ya Bwana Ambilikile, na mkojo wake mwenyewe.

Bwana Sikujua alieleza. Juu ya kaakaa la Ngao kuna tezi iliyotengenezwa maabara, laini kama nta ya moto, inayohifadhi harufu. Katika wiki ya kumi na moja ananusishwa nguo za watu wa nyumba, kila moja iwe imevaliwa siku tatu bila kufuliwa. Akishazikubali anawekewa tone moja katika kila tundu la pua, na ndani ya saa moja tezi inaganda. Watu waliomo ndio watu wake mpaka afe, miaka kumi na minne au zaidi. Asiyekuwemo ni adui, awe mchungaji, awe daktari.

Bi Tusekile aliuliza kama haiwezekani kuifungua tena baadaye.

"Haiwezekani, mama. Ndiyo ubora wake."

Bashasha hana orodha. Yeye hunusa jasho la mtu anayekuja, maana mwenye nia mbaya hutoa jasho lake, na mwenye kuficha jambo hutoa lake. Anayekuja na jasho safi analambwa na kupita. Bwana Ambilikile aliguna. Alitaka kujua, je, akija mwizi asiye na aibu, mtu mwenye furaha zake? Bwana Sikujua alikiri kwamba huyo atalambwa.

Hapo kijibwa kikawa kimemaliza kuwalamba wengine, kikamkimbilia Bi Tusekile. Hatua moja kabla ya kufika kilisimama. Mkia ulishuka, kikaketi, kikatoa mlio mwembamba na kurudi nyuma.

Bwana Ambilikile alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Alisema hata mpumbavu huyu amejua kwamba anadharauliwa.

Bwana Sikujua alikohoa. Alisema dharau haimsumbui Bashasha hata kidogo, kinachomrudisha nyuma ni jambo lililofichwa. Kisha akaona uso wa mama mwenye nyumba na kuongeza haraka kwamba pengine ni sabuni. Bi Tusekile alimpokonya kikombe kabla hajakimaliza.

"Tunachukua Ngao," alisema Bwana Ambilikile. "Tunanusisha Jumamosi. Watu wawili."

2

Watu wawili. Bi Tusekile alilitafuna neno hilo siku tatu na halikuisha uchungu.

Walikuwa watatu. Mtoto wao wa pekee, Lusekelo, alikuwa Makambako akitengeneza vyumba vya baridi, na ilikuwa miaka miwili tangu baba yake amtoe nyumbani na begi moja. Aliandika barua kwa mkono, kwa sababu sauti ya simu hakuna aliyeiamini tena. Ya mwisho ilifika mwezi uliopita. Alisema mwezi wa nane atakuja kupiga hodi. Akifukuzwa tena ataondoka, lakini hodi atapiga.

Sasa mwezi wa nane angeikuta nyumba ina Ngao. Bi Tusekile hakuhitaji kusimuliwa maana yake, kwani aliiona kwa jirani yao wa kushoto. Binti wa Mama Tumpe alikuwa masomoni siku Ngao wao aliponusishwa, na mama yake alisahau kuhifadhi hata leso. Tumpe aliporudi alipoteza nyama ya mkono. Tangu hapo huja kila Jumapili, anasimama nje juu ya ndoo iliyogeuzwa, anazungumza na mama yake juu ya ukuta na kupokezwa chakula kwa mfuko wa kamba. Kumuua Ngao ni kosa kwa kanuni. Na Mama Tumpe, akiulizwa, husema kwamba usiku wanalala salama. Bi Tusekile alimdharau kwa jibu hilo kuliko alivyomdharau kwa uzembe wa leso.

Kwa haki, asingekuwa na mtoto nje angemchukua Ngao bila kufikiri. Alipenda ukimya wake. Alipenda kwamba hakumrukia mtu. Kile kijibwa kingine kilikuwa kinamtia kichefuchefu, kiumbe cha kupenda kila anayepita, kisichojua hata tofauti ya mguu wa mtu na mguu wa meza. Lakini Bashasha angemwacha Lusekelo aingie, na jambo hilo lilimkera Bi Tusekile kwa sababu lilikuwa kweli.

Kwa nini basi hakusema? Kwa sababu kumtetea Bashasha kulimaanisha kumtaja Lusekelo, na kumtaja Lusekelo kungerudisha habari ya ile sauti.

Mama yake Bwana Ambilikile alifariki akiwa hajasemeshwa na mwanawe miaka sita. Ugomvi ulikuwa shamba la migomba alilopewa dada mtu. Bibi kizee alilala hospitali wiki tatu akiulizia mtoto wake, na mtoto wake alikuwa kwenye vikao vya wakazi akijadili rangi ya lango. Jioni moja Lusekelo aliwasha simu kando ya kitanda, na bibi akasikia sauti ya Ambilikile ikimwomba msamaha, ikimkumbusha wimbo aliomwimbia akiwa mtoto, ikimwambia shamba ni la dada na limekwisha. Bibi alijibu sauti ile, akatabasamu, akafa kesho yake asubuhi.

Msibani watu walimsifu Ambilikile kwa kupatana na mama yake. Mchungaji alimtaja kama mfano. Mama Tumpe alitunga ubeti na kuuimba. Naye alisimama, akashika mkono wa kila mtu, akazipokea sifa zote. Wiki sita baadaye aliikuta kazi ya mashine ile katika simu ya mtoto, na usiku huo huo Lusekelo alikuwa barabarani. Sifa alizibakiza, mtoto akamtupa.

Kilichofichwa ni kwamba maneno yale yalitungwa na Bi Tusekile. Aliyaandika jikoni, nyuma ya kalenda ya kanisa, akampa Lusekelo akamwambia ayatie sauti ya baba yake. Lusekelo alipobanwa alisema alifanya peke yake, na mama mtu alisimama mlangoni na kumwacha aseme. Aliogopa. Aliwadharau waoga maisha yake yote, na tangu usiku ule alijua yuko daraja gani.

Baada ya siku hiyo mumewe hakumwita tena Mama Lusekelo. Alimwita "wewe". Yeye kwa makusudi aliendelea kumwita Baba Lusekelo, asubuhi na jioni, hata mbele ya wageni, na kila mara aliona taya lake likikaza.

Hakuwa na ujasiri wa kusema, lakini alikuwa na mkebe. Siku ileile Lusekelo alipoondoka aliichukua sweta yake ya kijani kabla haijafuliwa, yenye kiwiko kilichoungua kwa pasi, akaifungia kwenye mkebe wa sampuli, ule wa bati wenye karatasi ya fedha ndani usiopitisha hewa wala mwanga. Hivyo ndivyo harufu inavyotunzwa, na hakuna aliyemzidi kwa kazi hiyo Rungwe nzima. Mpango ulikuwa mdogo. Angeikunja sweta ndani ya kitenge chake, Ngao angezinusa zote mbili, na Bwana Ambilikile, ambaye hakuwahi kutofautisha kitenge na pazia, asingejua kitu.

3

Jumamosi mchana mvua ilikuwa imekata. Bwana Sikujua alitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya chakula. Mama Tumpe alikuja kuwa shahidi, kwa sababu kanuni ilitaka shahidi mmoja kutoka nyumba nyingine, na aliketi akiwa amevaa hereni kubwa za kwendea harusini.

Shati la Bwana Ambilikile lilikuwa upande wa kulia, kitenge cha Bi Tusekile upande wa kushoto. Ngao alisogezwa. Akanusa shati, akavuta pumzi ndefu, akaketi.

"Amekubali," alisema Bwana Sikujua na kuandika.

Akanusa kitenge, akaketi tena. Kisha Bwana Sikujua, ambaye hakuna aliyemtuma kuwa makini siku hiyo, alikikunjua kitenge ili mbwa amalizie, na sweta ya kijani ikaanguka mezani. Bi Tusekile alijiambia si kitu, pua itafanya kazi kabla ya mdomo wa mtu kufunguka.

Ngao aliinusa sweta. Akaipita. Akarudi, akainusa tena, akamtazama Bwana Sikujua kana kwamba anauliza kwa nini anapotezewa muda.

"Hii haina mtu," alisema Bwana Sikujua. "Ina chai."

Bi Tusekile alielewa papo hapo, na aibu ikamwaka masikioni. Alikuwa ametandika konzi la majani makavu ya chai chini ya mkebe ili unyevu wa Tukuyu usiioze sufu. Mtu wa siku ya kwanza kiwandani huambiwa kwamba chai hunywa harufu ya chochote kilicho karibu nayo, iwe kitunguu, iwe sabuni, iwe mafuta ya taa. Alikuwa amewafokea wanagenzi wake kwa kosa hilo mpaka wakalia. Miaka miwili majani yale yalikuwa yakimnyonya mtoto wake kutoka kwenye sweta, na yeye ndiye aliyeyaweka.

Bwana Ambilikile alikuwa ameshaiinua. Alikiona kiwiko.

"Hii ni ya nani, wewe?"

Angeweza kusema ni yake ya bustani. Badala yake aliingia chumbani, akarudi na mkebe na kumwaga majani juu ya kitambaa cheupe. Ngao aliinua kichwa. Alizamisha pua ndani ya majani yale mpaka machoni, akavuta, akatetemeka mgongo wote, akaketi.

Bwana Sikujua aliangalia karatasi yake. Alisema sasa mbwa amewakubali watu watatu, na akaitoa chupa ya matone.

"Huyo wa tatu mfute," alisema Bwana Ambilikile.

Ilikuwa inawezekana kabla ya kufunga. Kulikuwa na dawa ya kupuliza, chungu, iliyomwondolea mbwa harufu ya mwisho aliyoipokea. Bwana Sikujua aliitafuta mkobani polepole kuliko ilivyohitajika.

"Baba Lusekelo," alisema Bi Tusekile, "ile sauti niliiagiza mimi."

Akaendelea. Alisema kila kitu kwa mpangilio: kalenda ya kanisa, maneno, wimbo wa utotoni ambao bibi mwenyewe alimfundisha, simu kando ya kitanda. Alisema Ambilikile hakuwahi kumwomba mama yake msamaha, na kwamba ubeti uliotungwa msibani ulitungiwa mashine. Mama Tumpe alishika hereni yake moja na kuiachia.

"Mtoto alishika mashine tu," alimalizia. "Maneno ni yangu. Na nilikuacha umfukuze, kwa sababu nilikuogopa."

Uso wa Bwana Ambilikile ulikuwa umebadilika rangi.

"Mbele za watu," alisema.

Hilo ndilo lililomtoka kwanza. Hakutaja mama yake wala mtoto wake. Bi Tusekile alimtazama mwanamume aliyeishi naye miaka thelathini na minne akamwona ni bapa, chai iliyochemshwa mara tatu ikabaki rangi tu, na akashangaa ni kitu gani hasa alichokuwa akikiogopa.

Mama Tumpe alizungumza kwa sauti ambayo hakuna aliyeijua kwake.

"Mwenyekiti, mwache mtoto aingie. Mimi wangu namwona kichwa tu."

"Futa wa tatu," Bwana Ambilikile alimwambia Bwana Sikujua. "Funga wawili."

Bi Tusekile alichukua kitenge chake kutoka mezani, akajifunga kiunoni.

"Na wa pili pia futa," alisema. "Kama Lusekelo ni mgeni hapa, mama yake ni mgeni."

Bwana Sikujua aliwaeleza wote wawili, na kwa mara ya kwanza hakuonekana mfanyabiashara. Alisema dawa ikipulizwa mara mbili atabaki mtu mmoja, kwamba baada ya saa moja hakuna kurudi nyuma, na kwamba mbwa wa mtu mmoja atamzuia mama kuingia hata kuchukua sufuria. Alisema bado Bashasha yupo garini, wanaweza kubadilisha sasa hivi, fomu ni ileile. Alimtazama mwenyekiti.

Bwana Ambilikile aliamini mkewe anamtishia. Alikuwa ameshinda kila kikao kwa miaka tisa kwa kungoja wengine wachoke, na hakuona sababu ya kubadili mwendo siku hiyo.

"Funga," alisema.

Bwana Sikujua aliuliza mara ya pili, kama kanuni ilivyotaka, na jibu likawa lile lile. Alipuliza mara mbili, kisha akaweka tone kulia na tone kushoto.

4

Saa moja ilimtosha Bi Tusekile. Alichukua nguo, kikombe chake cha kuonjea, barua zote, na majani aliyoyakusanya mezani kwa kiganja na kuyarudisha mkebeni. Hakugusa kitu alichonunua mumewe, ingawa sufuria kubwa ilimuuma.

Nje ya lango Bwana Sikujua alikuwa akipakia gari. Bi Tusekile aliuliza yule mwingine anakwenda wapi. Bwana Sikujua alijibu bila kugeuka kwamba Bashasha amekataliwa na nyumba ya tatu, amepita umri wa kuuzwa, Jumatatu atachomwa sindano.

"Lete hiyo takataka," alisema Bi Tusekile.

Alimwambia asifikirie ni huruma. Kule bondeni, kwenye nyumba ya bati ya marehemu mama yake, matapeli wa sauti wanafika pia, na mlango unahitaji pua, hata pua mbovu. Bwana Sikujua alimkabidhi kikapu na hakubisha.

Alikuwa ameshageuka aliposikia mlango wa baraza. Bwana Ambilikile alitoka akiwa ameshika sufuria kubwa. Pengine ndiyo kwanza alikuwa ameingia jikoni na kukuta jiko limezimwa. Alishuka ngazi moja, akasimama.

"Mama Lusekelo," aliita.

Miaka miwili alilingoja jina hilo. Aliingiza mguu mmoja ndani ya lango kabla ya kujua anafanya nini, na Ngao akainuka. Hakubweka. Alikuja tu, akasimama kati yao, kichwa kimeshuka, midomo imefunua meno, na macho yale ya manjano yakamtazama Bi Tusekile bila chuki yoyote, kwa sababu kwa pua yake hakuwa amewahi kumjua. Bwana Ambilikile alimwamuru mbwa arudi. Mbwa hakurudi, alikuwa anamlinda barabara.

Bi Tusekile aliurudisha mguu wake nje. Alitaka kusema neno kali na alikuwa nayo mengi, ameyakusanya miaka, lakini alipomwona amesimama pale na sufuria aliyaacha, akakiinua kikapu. Lango lilijifunga lenyewe.

Njia ya bondeni ilikuwa na utelezi. Karibu na mto kijibwa kilitoa kichwa kikapuni, kikasita, kikanusa kiganja chake, kisha kikaanza kukilamba kidole kwa kidole. Alijiambia ni vumbi la chai. Aliupangusa mkono kwenye kitenge, na kilipoanza tena aliuacha.

Kabla giza halijaingia alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba ya mama yake na karatasi juu ya goti, akimwandikia Lusekelo. Aliandika nyumba ilipo na njia ya kupita isiyofika Kilele. Aliandika kwamba baba yake sasa anajua maneno yalikuwa ya nani, na kwamba alichelewa miaka miwili kusema. Halafu akaandika:

"Ukifika piga hodi kwa nguvu. Nina mbwa, hana akili hata kidogo. Atakulamba usoni. Usimpige."